Kwa nini kifaa kimoja hakitoshi: mitandao ya vifaa vidogo inayochunguza hali ya anga za juu

Mwaka 1741, mjini Uppsala nchini Uswidi, Olof Hiorter na Anders Celsius walikuwa wameshazoea kukaa na sindano ya dira saa baada ya saa, wakiandika kila ilipoelekea. Waligundua kwamba usiku ambao mianga ya aurora ilicheza angani, sindano nayo haikutulia. Hata hivyo, sindano inayotikisika ni ushahidi dhaifu. Huenda meza imeguswa, huenda mtu amepita na kisu mfukoni, huenda upepo umepenya chini ya mlango. Shaka hiyo iliondolewa na mtu wa tatu, George Graham, mtengenezaji saa wa London ambaye naye alikuwa akichunguza dira kwa miaka mingi. Tarehe 5 Aprili mwaka huo sindano ya Uppsala na ile ya London, zikiwa mbali kwa zaidi ya kilomita 1,300, zilivurugika siku moja. Hakuna kisu cha mfukoni kinachoweza kufanya hivyo.

Huo ulikuwa mtandao wa vifaa viwili, na ndani yake tayari mlikuwa na fikra yote inayoendesha mitandao ya leo yenye makumi au mamia ya vituo. Kifaa kidogo kikiwa peke yake hakijui kama kilichopimwa kimetoka angani au kimetoka uani. Kikiwa na mwenzake wa mbali, kinajua. Anayeitazama mitandao hii kwa juu juu hudhani vifaa vyake ni vidogo kwa sababu fedha ni chache, na kwamba siku fedha zitakapopatikana vitaondolewa vije vikubwa. Sivyo. Katika kazi hii mtandao ndio kifaa chenyewe, na kila sanduku lililo ardhini ni kiungo chake kimoja.

Tuanze na kinachopimwa. Hali ya anga za juu (wengine huiita hali ya hewa ya anga za juu, ingawa hewa yenyewe huko ni haba mno) ni jina la jumla la mabadiliko ambayo Jua huyasababisha katika eneo linaloizunguka Dunia, kuanzia kimo cha kilomita 60 au 70 hivi juu ya vichwa vyetu hadi mbali kabisa, ambako uga wa sumaku wa Dunia unakutana na upepo wa jua. Upepo huo ni mkondo wa chembe zenye chaji, hasa protoni na elektroni, unaotoka kwenye Jua bila kukoma kwa kasi ya kawaida ya kama kilomita 400 kwa sekunde. Mara nyingine Jua hulipuka. Hutoa mmweko wa eksirei unaotufikia baada ya dakika nane na ushei, au hutupa wingu zito la plazima, yaani gesi ya chembe zenye chaji, linalochukua siku moja hadi nne kufika. Wingu hilo likija na uga wake wa sumaku umeelekea kusini, kinyume na ule wa Dunia, nyuga hizo mbili huungana, ngao yetu hulegea, na nishati humiminika ndani.

Matokeo yake hayabaki angani. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya namna hiyo iliuangusha mfumo wa umeme wa jimbo la Quebec nchini Kanada kwa muda usiozidi dakika mbili, na watu milioni sita wakakaa bila umeme kwa takriban saa tisa. Mei 2024 ilikuja dhoruba kubwa kuliko zote tangu mwaka 2003, na miongoni mwa waliotaabika walikuwa wakulima wa Marekani ambao trekta zao hujiongoza kwa GPS: zilipoteza mstari katikati ya msimu wa kupanda.

Kuna setilaiti zinazolinda lango. ACE, iliyorushwa mwaka 1997, na DSCOVR, iliyorushwa mwaka 2015, ziliwekwa umbali wa kama kilomita milioni 1.5 upande wa Jua, ili ziuonje upepo wa jua kabla haujatufikia. Tahadhari zinayotoa kwa kawaida haizidi saa moja, na ni ya nukta moja tu katika anga pana. Setilaiti zinazozunguka karibu na Dunia zina shida ya aina nyingine: hukimbia zaidi ya kilomita saba kila sekunde, kwa hiyo zikikuta mabadiliko haziwezi kueleza kama kitu kimebadilika au ni zenyewe zilizohamia mahali pengine. Ni kama mtu anayekipita kijiji juu ya pikipiki iendayo kasi. Amesikia kelele, lakini hajui kama zimeanza alipofika au zilikuwapo tangu asubuhi. Aliyekaa kijijini ndiye anayejua, na kituo cha ardhini ndicho kilichokaa.

Si kila kilicho ardhini ni kidogo, lakini. Rada ya Jicamarca nchini Peru, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ina antena 18,432 za nyaya zilizotandazwa kwenye uwanja wenye upande wa karibu mita 300, na sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu ionosfia ya ikweta (ionosfia ni tabaka la juu la hewa lenye elektroni huru) kimetoka hapo. Ila Jicamarca iko Jicamarca. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambako uga wa Dunia umelala sambamba na ardhi, haifuati ikweta ya ramani. Hupindapinda, katika Afrika hupita kaskazini yake na katika Amerika Kusini hushuka hadi kusini yake, na nguvu ya uga wenyewe haiko sawa kila mahali. Kwa hiyo kilichopimwa Peru hakiwezi kuhamishiwa Ethiopia au Nigeria kana kwamba anga ni ile ile. Rada moja haijibu swali hilo hata ikiwa bora kiasi gani, na hakuna anayeweza kujenga hamsini.

Kifaa kilicho rahisi kukielewa ni magnetometa, chombo cha kupima uga wa sumaku. Ndani ya kihisi cha aina inayotumika zaidi kuna pete ya aloi inayoshika sumaku kwa urahisi, nayo imezungushiwa nyaya mbili. Waya wa kwanza hupitishiwa mkondo unaogeuka huku na huko maelfu ya mara kwa sekunde, hadi pete inashiba sumaku upande mmoja, kisha upande wa pili. Pasipokuwa na uga wa nje, kushiba huko kunalingana pande zote mbili. Uga wa Dunia ukiwapo, upande mmoja hutangulia kushiba kwa nukta ndogo sana ya wakati, na waya wa pili huinasa tofauti hiyo. Vipimo hutolewa kwa nanotesla, kizio kidogo cha nguvu ya uga wa sumaku. Karibu na ikweta uga wa Dunia una kama nanotesla 30,000, na karibu na ncha unavuka 60,000. Dhoruba ya Mei 2024 iliupunguza wa ikweta kwa nanotesla 400 na ushei, na ile ya 1989 kwa karibu 600. Yaani dhoruba iliyozima jimbo zima iligeuza uga wa ikweta kwa asilimia mbili tu.

Asilimia mbili zinafichika upesi. Kihisi hubadilika kwa joto, kwa hiyo huzikwa kwenye shimo la mita moja hivi ambako mchana na usiku havitofautiani sana, kikiwa juu ya tako la zege lisilo na nondo, kimesawazishwa kwa pima maji na kufungwa kwa skrubu za shaba au plastiki. Anayeinama kukirekebisha huacha funguo, simu na mkanda mbali. Kebo huenda mita kadhaa hadi kwenye chumba chenye kompyuta na betri. Ukimaliza yote hayo, halafu mlinzi akazoea kuegesha pikipiki yake kila asubuhi karibu na shimo, utapata mabadiliko safi, yanayojirudia kila siku kwa saa ile ile, yenye sura yote ya jambo la kisayansi. Ni kituo cha pili, kilichoko mamia ya kilomita mbali na kisicho na pikipiki hiyo, ndicho kitakachokuokoa usiandike ripoti.

Hapa ndipo ilipo biashara ya kubadilishana ambayo, kwa maoni yangu, haielezwi vya kutosha. Kituo kamili cha uangalizi wa sumaku, kama vile vilivyounganishwa na INTERMAGNET, mtandao wa kimataifa wa vituo vya aina hiyo, hakipimi mabadiliko tu; kila wiki au zaidi ya mara moja kwa wiki mtaalamu hukaa na teodolaiti, chombo cha kupima pembe, isiyo na chuma cha sumaku na iliyofungwa kihisi cha magnetometa, akapima pembe za uga, na kwa magnetometa nyingine ukubwa wake halisi, ili rekodi ya leo iweze kulinganishwa na ya miaka hamsini ijayo. Kazi hiyo inataka jengo maalumu na mtu aliyefundwa. Mitandao ya vifaa vidogo imeamua kuiacha. Inasema: hatutajua thamani kamili ya uga mahali hapa, tutajua tu umebadilikaje tangu jana, na badala yake tutakuwa na vituo vingi. Kwa anayechunguza kiini cha Dunia, ambacho mabadiliko yake huenda polepole kwa miaka, huo ni mkataba mbaya. Kwa anayechunguza dhoruba inayoanza na kwisha ndani ya siku mbili, ni mzuri sana.

Faida ya mkataba huo inaonekana wazi katika mkondo wa umeme wa ikweta. Kwenye kimo cha kama kilomita 105, mchana, umeme hupita angani kuelekea mashariki katika ukanda mwembamba unaofuata ikweta ya sumaku, upana wake kilomita mia kadhaa tu. Dalili zake zilianza kuonekana katika kituo cha Huancayo nchini Peru, kilichofunguliwa mwaka 1922, ambako uga ulipanda mchana kwa kiasi kisicho cha kawaida. Jina lake la kitaalamu lilitolewa na Sydney Chapman mwaka 1951. Mkondo huo una umuhimu kwa sababu nguvu ileile ya umeme inayousukuma ndiyo inayoipandisha plazima juu, mamia ya kilomita, kabla haijateleza kufuata mistari ya sumaku na kujirundika pande mbili za ikweta, kwenye latitudo za sumaku za kama nyuzi 15 kaskazini na kusini. Ukijua nguvu ya mkondo mchana, unaanza kujua jinsi ionosfia itakavyokuwa.

Lakini magnetometa iliyo chini ya mkondo haipimi mkondo peke yake. Hupima pia umeme mwingine wa ionosfia unaoenea eneo kubwa, na athari ya mikondo ya mbali inayoizunguka Dunia wakati wa dhoruba. Dawa yake ni kutoa. Unaweka magnetometa moja kwenye ikweta ya sumaku, nyingine kwenye longitudo ileile lakini nyuzi sita hadi tisa kando, nje ya ukanda. Yale ya jumla yanaonekana katika vituo vyote viwili kwa karibu kiasi kile kile. Ukiondoa rekodi ya pili kutoka kwenye ya kwanza yanafutika, na kinachobaki ni mkondo wa ikweta. Mtandao wa AMBER, ulioanzishwa kwa ajili ya Afrika, umejengwa juu ya hesabu hiyo: nchini Ethiopia, Addis Ababa iko karibu kabisa na ikweta ya sumaku, na Adigrat iko kaskazini, nje ya ukanda. Masanduku mawili na hesabu ya kutoa ya shule ya msingi vinakadiria kile ambacho Peru hupimwa kwa antena 18,432. Ni makadirio, tena ya mchana tu, na rada itabaki kuwa hakimu; ila makadirio yanayopatikana kila siku, mwaka mzima, mahali ambapo hapakuwa na chochote, ni jambo kubwa.

Mtandao wa MAGDAS, wa Chuo Kikuu cha Kyushu nchini Japani chini ya Kiyohumi Yumoto, ulitumia mpango mwingine: vituo vilipangwa kama shanga kwenye uzi, kufuata mistari ya kaskazini hadi kusini. Uzi mmoja hupita eneo la Pasifiki. Mwingine hushuka Afrika kutoka Misri, ukipita Khartoum, Addis Ababa, Nairobi, Dar es Salaam na Lusaka hadi Afrika Kusini. Mpango huo unaonyesha jinsi tukio moja linavyosafiri kutoka latitudo za juu kwenda za chini. Na usidhani kwamba kuchanganya vituo vichache vilivyotawanyika ni jambo la majaribio tu. Kipimo cha dhoruba kinachotumika zaidi duniani, kiitwacho Dst, hupatikana kwa kuunganisha rekodi za vituo vinne: Hermanus, Kakioka, Honolulu na San Juan. Namba nilizozitaja juu za 1989 na 2024 zimetoka huko.

Kifaa cha pili kina mvuto wa pekee, kwa sababu hakipimi anga moja kwa moja. Kinasikiliza kituo cha redio ambacho hakikuwekwa kwa ajili yake. Majeshi ya majini hutuma ujumbe kwa nyambizi kwa masafa ya chini sana, kama kilohezi 24 kutoka Cutler, Marekani, au 19.8 kutoka kaskazini-magharibi mwa Australia. Mawimbi hayo husafiri maelfu ya kilomita yakidundadunda kati ya ardhi na tabaka la chini la ionosfia, ambalo mchana huwa kwenye kimo cha kama kilomita 70 na usiku hupanda hadi kama 85. Ujumbe ni wa siri na hautuhusu. Tunachotaka ni nguvu ya sauti yake tu. Antena ni waya uliozungushwa mara nyingi kwenye fremu ya mbao. Kutoka hapo kuna kikuza mawimbi, kisha kadi ya sauti ya kompyuta ya kawaida. Chuo Kikuu cha Stanford kilisambaza vifaa vya namna hii kwa viwango viwili: AWESOME kwa watafiti, na vile vidogo zaidi, viitwavyo SID, kwa shule na vyuo.

Itazame rekodi ya siku moja. Usiku mstari hutetema na hauna mpango. Alfajiri hushuka ghafla kwa dakika kadhaa, wakati mpaka wa mwanga unapoikata njia ya mawimbi, kisha hupanda na kuchora kilima laini cha mchana ambacho kesho yake kitajichora tena karibu vilevile. Halafu, saa tano asubuhi, katika siku isiyo na wingu wala mvua, mstari unaruka juu kwa dakika tatu na kuteremka polepole kwa nusu saa nzima, kama pezi la papa. Hapo Jua limemweka. Eksirei zake zimeongeza elektroni kwenye tabaka la chini, na mawimbi yamepata dari nyingine ya kudundia. Kwenye njia nyingine pezi hilo hilo huchorwa chini juu, kwa sababu mawimbi yaliyofika kwa njia mbili yamefutana badala ya kusaidiana. Wanafunzi wengi hudhani wameunganisha nyaya vibaya.

Udhaifu wa kifaa hicho ni kwamba usiku hakioni miale ya Jua. Ndivyo kilivyo pia kifaa cha tatu, CALLISTO, kipokezi cha redio kilichobuniwa katika chuo cha ETH mjini Zürich na Christian Monstein, ambacho moyo wake ni kichagua-stesheni cha televisheni. Hupokea kuanzia megahezi 45 hadi 870, kikipima nukta 800 kila sekunde, ambazo kwa kawaida hugawanywa kuwa chaneli 200 zinazopimwa mara nne kwa sekunde. Kinachotafutwa ni sauti ya plazima yenyewe. Plazima ya korona, tabaka la nje la Jua, hutetema kwa masafa yanayotegemea wingi wa elektroni: masafa kwa kilohezi ni kama mara tisa ya kipeuo cha pili cha idadi ya elektroni katika sentimita moja ya ujazo. Penye elektroni milioni mia moja, jibu ni megahezi 90. Kadiri unavyoondoka kwenye Jua, elektroni hupungua, na masafa hushuka. Kwa hiyo kitu kinachokimbia kutoka kwenye Jua huacha mstari unaoteremka kwenye chati, na mteremko wa mstari ndio kasi yake. Mstari unaoanguka kwa sekunde chache ni boriti ya elektroni zinazokwenda kwa kama theluthi moja ya kasi ya nuru. Unaoteremka kwa dakika nyingi ni wimbi la mshtuko, mara nyingi likitangulia wingu la plazima, na huo ndio unaomkosesha mtabiri usingizi.

Jua halizami kwa wote kwa pamoja, na ndiyo maana CALLISTO vimetawanywa katika mabara mbalimbali hadi kuwa zaidi ya mia moja: kimoja kikiingia usiku kingine kiko adhuhuri, na faili za kila robo saa hukusanywa mahali pamoja kwa yeyote kuzitazama. Tazama tena ile megahezi 90, hata hivyo. Iko ndani ya bendi ya redio za FM. Mjini, chati ya CALLISTO hujaa michirizi iliyolala ya muziki na matangazo, na mlipuko wa Jua huonekana ukichungulia katikati yake. Michirizi hiyo inatofautiana kati ya mji na mji, mlipuko ni mmoja, na kwa mara nyingine tena ni ulinganisho wa vituo unaotenga vya angani na vya duniani.

GPS inageuza mambo kinyumenyume: kero ya baharia inakuwa kipimo cha mwanasayansi. Ionosfia huchelewesha mawimbi ya setilaiti, na huyachelewesha zaidi yale ya masafa ya chini. Kipokezi kinachosikia masafa mawili, megahezi 1,575.42 na 1,227.60, hulinganisha kuchelewa huko na kutoa idadi ya elektroni njiani. Kizio chake kimoja, elektroni kumi kwa kipeo cha 16 kwa kila mita ya mraba, husogeza mahali pako kwa sentimita 16 hivi. Katika latitudo za chini, miaka Jua likiwa kwenye kilele chake, vizio mia si ajabu, na mita 16 zinatosha kumtoa mtu barabarani. Baada ya machweo huja shida kubwa zaidi. Plazima nzito huwa imekaa juu ya nyepesi, kama maji juu ya mafuta, na nyepesi hupasuka kupanda kwa umbo la mapovu. Mawimbi yanayopita ndani ya mapovu humetameta kama nyota, na kipokezi hupoteza setilaiti. Mtandao wa SCINDA ulianzishwa na jeshi la anga la Marekani kufuatilia mmetameto huo, na LISN umeenea Amerika Kusini kwa kazi inayofanana. Siku hizi vimekuja vipokezi kama ScintPi, vinavyoendeshwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye ukubwa wa kiganja.

Vipo na vingine, kama vihisi vya muoni (chembe zinazozaliwa mionzi ya kosmiki, yaani chembe zenye kasi kubwa kutoka anga za mbali, inapogonga hewa ya juu) vilivyoko Nagoya, Hobart, São Martinho da Serra na Kuwait, ambavyo kila kimoja huangalia upande wake wa anga na kwa pamoja huona upungufu wa mionzi ya kosmiki unaolitangulia wingu la Jua. Nimevitaja kwa ufupi kwa sababu hoja yake tumeshaiona.

Namna ya kuwaunganisha watu na vifaa hivi ina historia yake. Miaka ya 1830, Carl Friedrich Gauss na Wilhelm Weber mjini Göttingen waliwashawishi wachunguzi wa nchi mbalimbali kusoma sumaku zao kila baada ya dakika tano, kwa saa 24, katika siku walizokubaliana, wote wakifuata saa ya Göttingen. Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958, ulishirikisha mataifa 67; kituo cha sumaku cha Addis Ababa ni zao la wakati huo. Miaka hamsini baadaye, mwaka 2007, ukaja Mwaka wa Kimataifa wa Heliofizikia, na kuanzia 2010 mpango wa kimataifa wa hali ya anga za juu, ISWI, ukisaidiwa na Umoja wa Mataifa. Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza: mtafiti aliyebuni kifaa hukitoa na kufundisha, mwenyeji hutoa kiwanja, umeme, intaneti na mtu wa kukiangalia, na data ni za wote.

Kuuendesha ni jambo jingine. Mahali patulivu kisumaku na kiredio ni mbali na mji. Umeme na intaneti viko mjini. Kila kituo ni maafikiano kati ya mambo hayo mawili, na mara nyingi mji hushinda, kisha hukua hadi unakimeza. Radi hupenda kebo ndefu. Saa ya kompyuta isiyorekebishwa na GPS huteleza sekunde kadhaa kwa siku, na anayechunguza mitetemo ya sumaku inayojirudia kila sekunde 20 hawezi tena kusema ni kituo gani kilitangulia. Data zipo, lakini ulinganisho, ambao ndio sababu ya kuwapo kwa mtandao, umekufa kimyakimya. Kibaya kuliko vyote ni daftari la kituo lisiloandikwa. Kihisi kiligeuzwa lini, nani alibadilisha betri, kwa nini siku fulani mstari uliruka nanotesla 50 na haukurudi? Nimewahi kupewa rekodi za miaka miwili zisizo na hata sentensi moja ya maelezo, na nusu yake sikuweza kuitumia. Ruzuku za utafiti hulipia sanduku kwa furaha. Mshahara wa mtu wa kuandika daftari hilo hauna mfadhili.

Lipo pia suala la nani anafaidika. Mwenyeji anayetuma data kila siku na kusoma matokeo yake katika makala ambayo hakushirikishwa, baada ya muda huacha kupanda juu ya paa kufuta vumbi kwenye paneli ya sola, na sioni kwa nini alaumiwe. Vituo vilivyodumu ni vile ambavyo karibu navyo kuna mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayezihitaji data hizo kwa tasnifu yake mwenyewe. Huyo ataamka usiku.

Vituo vingapi, basi, vinatosha? Jibu hutolewa na kinachochunguzwa. Kuanza kwa dhoruba kubwa huhisiwa dunia nzima ndani ya dakika chache, na vituo vinne vya Dst vinaitosha. Mapovu ya plazima ni kitu kingine: upana wake ni kama kilomita mia, na huelea kuelekea mashariki kwa kama mita 100 kwa sekunde, yaani kilomita 360 kwa saa. Ukiweka vituo kwa umbali huo, kimoja kinaweza kumwonya mwenzake saa moja kabla. Ukiviweka kwa kilomita elfu mbili, povu lililoonekana jioni litakuwa limeshasinyaa na kupotea kabla ya kufika kwa jirani, na vituo hivyo havitakuwa mtandao, vitakuwa vituo viwili. Kwenye nchi kavu pengo hilo linazibika kwa juhudi. Sehemu kubwa ya ikweta ya sumaku, hata hivyo, hupita juu ya bahari, ambako hakuna pa kuchimba shimo la mita moja wala pa kusimamisha antena, na ndiyo maana kipokezi kilichowekwa kwenye kisiwa cha Ascension, mwamba mdogo katikati ya Atlantiki, hutegemewa kuliko vingi vilivyojazana barani.